Macho Yasiyouma Nayo Hupimwa: Habari za Glakoma

Mtu mwenye jino bovu hana haja ya kuandikiwa habari katika gazeti ili aende hospitali. Jino lenyewe litamtuma, tena usiku wa manane. Lakini uko ugonjwa wa macho ambao kwa kawaida hauumi, hauwashi wala hautoi usaha, nao huweza kukaa na mtu miaka mingi ukimpunguzia nuru kidogo kidogo. Siku anapoutambua, sehemu kubwa ya nuru hiyo imekwisha kwenda, na hakuna daktari awezaye kuirudisha. Ugonjwa huo huitwa glakoma, na watu wengi huuita presha ya macho. Mwezi huu tutaacha kidogo habari za mbolea na kupe, tuuangalie, maana shamba bila macho ni kazi ngumu sana.

Nasema mapema kwamba mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, si daktari. Niliyoyaandika hapa ndiyo wanayofundisha madaktari wa macho. Mimi nimeyapanga tu kwa maneno ambayo mkulima ameyazoea.

Maji yaliyo ndani ya jicho

Mtu akisikia maji ya jicho hufikiri machozi. Machozi ni maji ya nje. Ndani ya jicho, upande wa mbele, mna maji mengine, safi kama ya chemchemi. Kazi yake ni kulisha sehemu zisizo na mishipa ya damu, yaani lenzi na kioo cha mbele, na kulishika jicho lisinywee kama mpira uliotoka pumzi. Maji hayo hutengenezwa usiku na mchana nyuma ya lile duara lenye rangi. Hupita katika tundu la katikati, yaani mboni, yakaja mbele, kisha hutokea katika pembe, mahali duara la rangi linapokutana na weupe wa jicho. Katika pembe hiyo pana kitu kama chujio chenye vitundu vidogo mno. Maji hupenya hapo yakaingia katika mishipa ya damu, yakaenda zake.

Sasa fikiri birika la kunyweshea ng'ombe. Maji huingia kwa bomba moja na ya ziada hutoka kwa bomba jingine. Takataka zikiziba bomba la kutokea, birika litajaa na kumwagika, nawe utaona matope ukajua kuna kasoro. Jicho ni birika lililofungwa pande zote. Chujio likianza kuziba, maji hayana pa kumwagikia. Yanayoingia yanazidi yanayotoka, na nguvu ya maji ndani ya jicho inapanda.

Nguvu hiyo husukuma kila upande, na mahali palipo dhaifu ni nyuma, pale mshipa wa fahamu unapotoka kwenda kwenye ubongo. Mshipa huo ndio unaopeleka habari za yote tunayoyaona. Ni kama kamba ya katani iliyosokotwa kwa nyuzi nyembamba, ila nyuzi zake hupita milioni moja. Nguvu ya maji inapoukandamiza, nyuzi hufa, moja baada ya moja. Uzi uliokufa hauoti tena. Hilo ndilo neno la kushika kuliko yote katika habari hii, na nitalirudia nitakapofika kwenye matibabu, kwa sababu kulisahau ndiko kunakowafanya watu wengi waache dawa.

Presha hii si ile ya damu. Mtu aweza kuwa na presha ya damu na macho yake yakawa salama, na mwingine akawa na damu nzuri na macho yanaharibika. Anayemeza vidonge vya presha ya damu asidhani kwamba amekwisha kuyatibu macho. Katika macho mengi yaliyo salama kipimo huwa kati ya 10 na 21, kwa hesabu ya milimita za zebaki. Hata hivyo kipimo hiki peke yake hakimalizi shauri. Wako watu wenye 25 ambao mshipa wao haujaguswa, na wako wenye 17 ambao mshipa wao unakufa. Ndiyo sababu daktari hatosheki na kupima nguvu ya maji tu, bali hutazama mshipa wenyewe.

Namna nuru inavyopotea

Ajabu ya glakoma ya kawaida ni kwamba huanza kula pembeni na kuacha katikati. Mgonjwa husoma barua vizuri, huhesabu noti zake, humtambua jirani anayekuja njiani. Kwa hiyo hana shaka. Tena tunayo macho mawili, na jicho moja husaidia pale lingine lisipoona. Wala mgonjwa haoni giza pembeni, kama watu wengi wanavyofikiri. Ubongo huziba pengo, na yeye hudhani ameona yote.

Tuseme yuko mzee mmoja katika skimu, mwenye ekari 15 na ng'ombe wanne wa maziwa. Mwaka huu amejikwaa mara mbili kwenye mfereji alioupima mwenyewe. Amegonga bega kwenye mwimo wa mlango wa stoo. Ndama amempita ubavuni naye akauliza ndama yuko wapi. Akimimina maziwa kwenye kopo hukosa mdomo wake. Watoto wanacheka, mama anasema uzee umeingia, na yeye mwenyewe anasema amechoka. Hakuna anayesema jicho, maana juzi tu aliwasomea barua ya chama cha ushirika bila miwani. Mtu wa namna hii yafaa apelekwe kupimwa wiki hiyo hiyo, asingoje mavuno. Dalili kama hizo zinapoonekana, ugonjwa umekwisha kwenda mbali.

Akiachwa, anachokiona huzidi kuwa chembamba, mpaka awe kama atazamaye ndani ya bomba la maji. Kisha hata katikati hupotea.

Nani anayepatwa

Huu si ugonjwa wa nadra. Mwaka 2007 na 2008 watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walichunguzwa macho huko Nakuru, ambako baadhi yenu mnalima, na ikaonekana kwamba karibu 4 katika kila 100 wana glakoma. Ndugu zetu wa Kongwa, Tanzania, walichunguzwa pia miaka ya nyuma, wale wa miaka 40 na zaidi, na hesabu ilikuwa karibu hiyo hiyo. Katika baraza la wakulima 200 wa rika hilo, hao ni watu wanane. Duniani kote glakoma ndiyo inayoongoza kwa upofu usioweza kurudishwa. Mtoto wa jicho hupofusha watu wengi zaidi, lakini huo huondolewa kwa operesheni na mtu akaona tena.

Sisi watu weusi tumo katika hatari zaidi. Glakoma hutushika mapema kuliko wengine, na hutupofusha upesi zaidi. Tena ni ugonjwa wa ukoo. Kama baba, mama, kaka au dada yako anao, hatari yako ni kubwa mara kadhaa kuliko ya jirani yako. Tunajua kukaa kikao cha ukoo kugawa shamba la marehemu hata ukingo wa mwisho. Katika kikao hicho mtu na aulize pia: je, baba alipofuka kwa sababu gani? Kama jibu ni kwamba alipofuka tu kwa uzee, basi watoto wake wote waliofika miaka 35 au 40 waende wakapimwe. Mtu mzima asiye na ugonjwa huo katika ukoo naye apimwe akifika miaka 40, kisha arudi kila baada ya mwaka mmoja au miwili kama atakavyoambiwa. Wanaoona mbali kwa shida tangu ujana na wagonjwa wa kisukari wasikawie.

Aina nyingine

Nimeeleza ile inayokuja polepole kwa sababu ndiyo iliyo nyingi kwetu. Iko nyingine inayokuja ghafula. Hapo pembe ya kutokea maji hufungwa mara moja, kama mlango uliosukumwa na upepo. Jicho huuma vibaya, huwa jekundu, nuru hufifia, mtu huona duara za rangi kuzunguka taa, kichwa humwuma upande huo, na pengine hutapika. Kwa sababu ya kutapika, wengine hudhani ni malaria au tumbo, wakapewa dawa ya tumbo. Mtu wa namna hii apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku na gari ni la kukodi. Jicho laweza kupotea katika muda wa siku chache, au hata saa.

Watoto wachanga nao huzaliwa nayo mara chache. Kwa kuwa jicho la mtoto bado ni laini, nguvu ya maji hulivuta likawa kubwa. Jina la kale walilolipa madaktari, kutoka lugha ya Kiyunani, maana yake ni jicho la ng'ombe. Hapa mama wasikie vizuri. Mtoto mwenye macho makubwa husifiwa na kila mgeni, lakini ikiwa macho hayo makubwa yanatoka machozi siku zote, mtoto hukwepa jua na kuficha uso, au kioo cha mbele kina ukungu badala ya kung'aa, huo si uzuri. Mpelekeni upesi. Mtoto huyu hutibiwa kwa operesheni, na kila wiki ina thamani.

Tena kuna majeraha. Pembe ya ng'ombe, mkia wenye matope, kibanzi cha kuni, jiwe lililorushwa na mashine ya kukatia nyasi: mambo haya ni ya kila siku katika plot zetu. Jicho lililopigwa laweza kupona likaonekana zuri kabisa, na glakoma ikaja miaka mingi baadaye kwa sababu lile chujio la pembeni lilijeruhiwa. Aliyepigwa jichoni amweleze daktari hata kama ni jambo la zamani.

La mwisho katika fungu hili linaniudhi kuliko yote, kwa kuwa tunajiletea wenyewe. Wakati wa vumbi watoto wengi huwashwa macho kwa mzio, wakayasugua mpaka yakawa mekundu. Mzazi hununua chupa ndogo katika duka la dawa, mwasho unakwisha kwa siku mbili, naye anafurahi. Mwasho ukirudi, ananunua nyingine. Nyingi za chupa hizo zina dawa za steroidi, kama deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, na pengine zimechanganywa na dawa ya kuua vijidudu. Ni dawa nzuri mkononi mwa daktari anayepima jicho kila mara. Lakini zikitiwa wiki kwa wiki bila kupimwa, kwa watu wengine hupandisha nguvu ya maji, na mtoto wa shule akawa kipofu kwa dawa iliyonunuliwa kwa upendo. Ukiwa na chupa ya namna hiyo nyumbani, ichukue uionyeshe hospitali kabla ya kuitia tena. Kadhalika usitie jichoni maji ya majani, mkojo, wala maziwa, kwa maana hayo huchoma kioo cha mbele na hayafiki kabisa mahali ugonjwa ulipo.

Namna ya kupimwa

Kupimwa hakuumi. Mtasomeshwa herufi ukutani, lakini mkumbuke kwamba aliyezisoma zote hajathibitishiwa kuwa hana glakoma. Kisha nguvu ya maji hupimwa kwa chombo, pengine baada ya tone la kutia ganzi. Daktari hutazama pembe kama iko wazi au imefungwa, halafu hupanua mboni kwa tone jingine na kuangalia mshipa wa fahamu kwa taa. Katika mshipa ulio mzima kuna kishimo kidogo katikati. Nyuzi zinapokufa kishimo hupanuka, kama shimo la mmomonyoko linavyokula ukingo. Mwisho kuna mashine ya kupima pembeni: unatazama mbele bila kugeuka, na kila ukiona kimwanga unabonyeza.

Nyumbani waweza kufanya jaribio dogo. Mkae wawili mkitazamana, umbali wa mkono, kila mmoja afunike jicho moja, wewe la kulia na mwenzako la kushoto. Utazame pua yake tu. Naye alete vidole vyake kutoka pembeni polepole huku akivichezesha, kwa pande zote nne. Kama yeye anaviona muda mrefu kabla yako, nenda hospitali. Lakini ukiona sawa naye usiseme umepona, maana jaribio hili hukamata ugonjwa mkubwa tu, na mdogo hulipita.

Dispensari nyingi hazina vyombo hivyo. Anzia kwa afisa wa macho katika hospitali ya kaunti, au uliza siku ambayo kliniki ya macho huja karibu nanyi. Ziko pia hospitali zenye wataalamu wengi wa macho, kama ile ya Kikuyu na ya Sabatia. Kabla ya kwenda, uliza ni gharama gani italipwa na bima ya afya ya SHA na ni gani utailipa mwenyewe.

Matibabu, na mambo yasiyopaswa kutarajiwa

Matibabu yote ya glakoma yana kusudi moja: kushusha nguvu ya maji ili nyuzi zilizobaki zisife. Hayarudishi zilizokufa. Jirani yako aliondolewa mtoto wa jicho, bendeji ikafunguliwa kesho yake, akamwona mjukuu wake. Wewe wa glakoma utatia dawa miezi sita na utaona vile vile ulivyoona mwanzo. Usiseme umedanganywa. Kuona vile vile ndiyo faida yenyewe. Mkulima anayeweka matuta ya kuzuia mmomonyoko hatazamii udongo uliokwenda mtoni urudi, bali hulinda uliobaki.

Dawa ya kwanza ni matone. Timololi hupunguza maji yanayotengenezwa, na hupatikana mahali pengi. Lakini mwenye pumu, au ambaye moyo wake hupiga polepole mno, asiitie, na lazima amwambie daktari, maana tone la jicho huingia katika damu na laweza kumziba pumzi. Latanoprosti husaidia maji kutoka, nayo hutiwa mara moja tu kwa siku, jioni. Yaweza kurefusha kope na kulifanya jicho liwe jekundu kidogo. Chupa isiyofunguliwa hutakiwa kukaa mahali pa baridi, kwa hiyo usinunue za miezi mitatu kama huna friji. Ziko nyingine, na wengine huhitaji aina mbili au tatu.

Kutia tone ni kazi yenye ufundi wake. Nawa mikono. Inua uso, vuta kope ya chini iwe kama mfuko, tia tone moja bila kugusa jicho kwa mdomo wa chupa. Funga jicho, usipepese, na ubonyeze kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika mbili au tatu, ili dawa isishuke puani. Tone la pili la aina ile ile ni hasara, kwa maana jicho halina nafasi ya kulipokea. Kama una dawa ya aina nyingine, ngoja dakika tano. Mwenye mikono inayotetemeka atiwe na mtu wa nyumbani.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo wengi hushindwa. Matone ni ya kila siku, maisha yote. Mtu hununua mwezi wa kwanza, wa pili anaruka, wa tatu anaona hakuna tofauti, basi anaacha. Lakini mtu huyo huyo haruki kuogesha ng'ombe wake, ingawa hajaona ndigana katika boma lake miaka mitano. Anajua kwamba hajaiona kwa sababu anaogesha. Shauri langu ni kuziweka fedha za dawa kando siku ile malipo ya maziwa yanapoingia, kabla ya deni la duka. Na kama kweli haziwezi kupatikana, usiache kimya kimya. Rudi umwambie daktari, kwa sababu iko njia ya leza na ya operesheni.

Leza ni mwanga unaoelekezwa kwenye lile chujio ili maji yapenye vizuri. Hufanywa ukiwa umekaa kwenye kiti, na unarudi nyumbani siku hiyo. Huko Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, wagonjwa 201 walijaribiwa, wengine kwa leza na wengine kwa timololi, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, katika kila macho 100 yaliyopata leza, 61 yalifikia shabaha iliyowekwa. Katika yale ya timololi yalikuwa 31. Hizi ni habari kubwa kwa mtu anayekaa mbali na duka la dawa. Lakini leza haidumu milele, huenda ikarudiwa, na mashine bado haziko kila hospitali.

Operesheni ni kama kuchimba mfereji mpya pale wa zamani ulipoziba. Daktari hufungua njia ndogo juu ya jicho, chini ya kope, maji yapate kutoka. Namna hii ilielezwa na daktari Cairns wa Cambridge, Uingereza, mwaka 1968, na hata leo hutumika sana. Mfereji huo waweza kuziba kwa kovu, kwa hiyo mgonjwa hurudi mara nyingi katika wiki za kwanza. Miaka hata ikipita, jicho lililofanyiwa operesheni hii likiwa jekundu, likiuma au kutoa usaha, ni la kukimbizwa hospitali siku hiyo, kwa kuwa uchafu waweza kuingia kwa njia ile ile maji yanayotokea.

Karoti na mboga za majani ni chakula kizuri, nazo zilimwe na kuliwa, lakini haziondoi glakoma. Miwani nayo haiondoi.

Siku ya kwenda kupimwa, chukua chupa zote za dawa unazotia, hata zilizokwisha, na vidonge vyote unavyomeza. Nenda na mtu mzima wa kukurudisha. Dawa ya kupanua mboni hufanya jua liume na vitu vya karibu vionekane kama vina ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiende kwa baiskeli wala pikipiki ukajiendesha mwenyewe, na siku hiyo usiendeshe trekta wala usishike panga. Ng'ombe wa jioni wakamwe na mwingine.